Nguzo Nyeusi za Kisima

"Usinidanganye, Paddy. Maji yananuka dizeli, na mwenye pikipiki hapa ni wewe peke yako."

"Mama Taaka, nimeshasema. Pikipiki yangu huoshwa Malaba na vijana wa kazi hiyo. Nije kuioshea kisimani, mninyonge?"

"Basi hata kisima kikisafishwa, hutateka hapa mpaka useme ukweli."

Paddy alitazama jerikeni lake tupu. "Mke wangu ana mtoto mchanga," alisema polepole. "Mnataka nimwogeshe kwa soda?"

Hakuna aliyecheka. Taaka alisimama nyuma ya mama yake akiviangalia vidole vyake vya miguu. Kila Jumamosi watoto wa upande huu wa Buteba walisukumana na kutaniana kisimani. Leo walisimama wakitazama utando uliong'aa juu ya maji, wenye rangi rangi kama shingo ya njiwa. Barbara, mama yake Taaka, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

Madamu Marion wa ofisi ya maji aliteremka kutoka mlimani, kekee ndefu ya kutobolea ardhi begani. Alikuwa akichunguza yadi ya zamani ya malori kule juu. Malori yalikwisha kuhama, lakini tangi la dizeli lilibaki limezikwa likila kutu, na ardhi ilikuwa imelewa oili chafu na tindikali ya betri.

"Nilidhani tangi limevuja mpaka huku," alisema. "Nimetoboa mashimo kutoka yadi hadi hapa. Udongo wa yadini ni mweusi, unanuka. Wa hapo katikati ni mwekundu, safi kabisa. Mafuta haya hayakupita chini ya ardhi. Yameletwa na mtu."

"Mtu wa magurudumu mawili," alisema Syprose, jirani yao, na sasa watu wakacheka.

Taaka hakucheka. Alikuwa ameziona nguzo za ua wa kisima.

Wakati wa likizo mama yake alimwambia, "Mchwa wanamaliza nguzo za ua. Zikianguka, ng'ombe wataingia kisimani. Fanya kitu." Kila mtu pale hupaka nguzo zake oili chafu, lakini oili huuzwa. Udongo wa yadi ulikuwa wa bure, na haukuotesha hata jani. Taaka aliubeba kwa karai, akaurundika kwenye mguu wa kila nguzo. Mchwa walihama. Mama yake alimsifu mbele ya kamati nzima: "Huyu ana akili." Sifa ile aliilalia kama mto laini.

Kisha mvua zikaanza, na ardhi pale ilikuwa na mteremko kuelekea kisimani.

Hakuna mtu aliyezitazama nguzo zile. Buteba, nguzo yenye mguu mweusi ni nguzo iliyotunzwa. Angenyamaza tu, na sifa zake zingebaki. Paddy alikuwa ameshaligeuza jerikeni lake, anaondoka.

"Mama," alisema Taaka. "Siyo kaka Paddy. Ni mimi."

"Wewe una pikipiki?"

"Nguzo, mama. Dawa ya mchwa niliitoa yadini."

Madamu Marion alivaa glavu, akachota udongo mguuni mwa nguzo, akamsogezea Barbara. Barbara akavuta pumzi moja tu, akakunja uso.

"Nilikusifu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na sikuuliza dawa umeitoa wapi. Nilifurahi kwamba ni ya bure." Akamgeukia Paddy. "Nimekukosea mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu hao hao."

"Nimesamehe, Mama Taaka. Lakini Syprose naye atuambie habari za magurudumu mawili."

"Magurudumu mawili ni mazuri," alisema Syprose bila kupepesa. "Hubeba hata magunia."

Hapo hata Paddy alicheka.

Barbara alimshika binti yake bega. "Sikiliza. Kutojua si dhambi, lakini siku nyingine ukiona kitu kinafukuza mchwa, uliza kwanza kitamfanya nini mtu. Na hili la kusema ukweli, umefanya vizuri. Ungenyamaza, Paddy angebeba kosa lako, nasi tungesafisha kisima leo, mvua ikishuka kinanuka tena."

Madamu Marion alieleza kazi iliyobaki. Udongo wote mweusi ukwanguliwe, utiwe magunia, upelekwe yadini usubiri lori la ofisi pamoja na uchafu wa kule. Kisima kifungwe mpaka maji yapimwe na yaonekane safi. Watu wateke kwenye pampu ya shule. "Mnaweza kuanza Jumatatu," alisema.

Barbara alitazama mawingu juu ya Tororo. "Jumatatu mvua itakuwa imeshanyesha."

Akafunga lango la kisima kwa mnyororo. Akachukua jerikeni la Paddy na kumpa Syprose. "Nenda pampuni. Anza na hili la mtoto." Kisha akajifunga leso kiunoni, akavaa glavu alizopewa, akamwambia Taaka ashike mdomo wa gunia, na jembe likashuka mguuni mwa nguzo ya kwanza.