Maoni Binafsi ya Asma

Alama zilikuwa kumi na nane juu ya ishirini, na siku hiyohiyo nyumba ikaanza kunuka mafuta ya mawese na kitunguu saumu.

Jambo dogo, utasema. Nyumba gani ya Butembo, huku mashariki mwa Kongo, haina mawese? Lakini mchanganyiko ule ulikuwa wa mtu mmoja tu: Mukaka, bibi yake Asma mzaa mama, aliyejipaka magotini kila alasiri kijijini kwao Mbau kabla ya vita kuwafukuza. Na Mukaka alikuwa marehemu, au angalau walimswalia kama marehemu, maana mwili wake haukuonekana.

Asma alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Madame Rébecca, mwalimu wao wa Kifaransa, aliwapa riwaya waisome na kuiandikia fiche de lecture: muhtasari, wahusika, na mwisho maoni binafsi. Riwaya ilimhusu msichana aliyekimbia mafuriko akamwacha bibi yake kipofu ndani ya nyumba. Asma aliisoma siku mbili huku analia, kisha akashika kalamu na kumhukumu yule msichana bila huruma. "Mimi," aliandika, "nisingemwacha bibi yangu hata maji yangenifika shingoni." Madame akayasoma darasani, wenzake wakapiga makofi. Baba yake, Mashaka, dereva wa lori la Fuso, akaibandika karatasi ukutani sebuleni. Ah, Asma! Kalamu haina aibu, lakini mwenye kuishika anayo.

Maana siku ile ya Mbau, risasi zilipoanza kulia, ni Asma aliyetumwa kumleta Mukaka. Alifika kwenye mgomba wa kona, miguu ikagoma, akarudi mbio hadi kwenye lori la baba yake. "Amekatala kutoka," alisema. "Anasema atakufia kwake." Kwa miaka mitatu Asma aliamini kwamba uongo huo ulimfariji mama yake.

Baada ya harufu ikaja sauti ya fimbo, kama ile aliyotembelea Mukaka. Asma anafua uani, mara ngo, ngo, ngo, kwenye bati la mlango wa nyuma. Akafungua. Hakuna mtu. Kizingitini palikuwa na matope mabichi, na Butembo haikuwa imepata mvua wiki nzima.

"Mama, unasikia?"

"Miye hapana sikia kitu," mama yake alinong'ona. Lakini kisu alichokuwa akimenyea mihogo kilikuwa kimesimama.

Siku ya tano Asma alikuwa peke yake sebuleni, jua likiwaka nje na redio ya jirani ikiimba, ngo zile zikaanza mlangoni, zikahamia ukutani, zikatambaa polepole kuelekea ile karatasi, na kila fimbo ilipogonga, karatasi ilitetemeka, na doa la mafuta likajitokeza pembeni mwake, likapanuka mstari kwa mstari, likaruka jina la mwandishi na la mwalimu, mpaka likafika kwenye neno "Mimi" na kutulia hapo. Asma alipiga yowe mtaa mzima ukasikia.

Mashaka akaenda kumwita mwalimu Issaka, mzee anayejulikana kwa kutoa majini. Alikuja baada ya swala ya adhuhuri, akaomba kikombe cha maji, akaketi akasoma Kurani. Alipomaliza dua, nyuma ya mlango sauti ya kizee, iliyochoka, ikaitikia, "Amin."

Mwalimu akasoma tena. "Amin," ikaitikia tena, kwa adabu. Akaweka kikombe chini.

"Mashaka, huyu hapana jini. Majini banakimbiaka Kurani. Huyu iko anaomba dua pamoja na siye."

"Sasa tufanye nini, mwalimu?"

"Mutu wa kwenu, miye siwezi mufukuza. Muulizane ninyi benyewe, mulimufanya nini."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Asma alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, sikufikaka kwake. Nilirudilia pa mugomba. Mukaka hakukatala, hata hakuniona. Nilikudanganya. Unisamehe."

Alingoja kofi. Halikuja. Mama yake alikuwa akiutazama mlango.

"Minajua," alisema.

"Unajua aje?"

"Lori ilikuwa inaanza kutembea. Miye nilikuwa nyuma, juu ya magunia. Mukaka akatoka mu shamba yeye peke yake, na fimbo yake. Akabisha pa nyuma ya lori, mara tatu. Risasi zilikuwa karibu, nikaogopa tutasimama." Alijifunika uso kwa kitenge. "Mama yangu, Asma. Nikanyamaza."

Mashaka hakuonekana hata kushangaa.

Ngo, ngo, ngo. Safari hii haikuwa mlangoni. Ilitoka uani, kwenye ubao wa nyuma wa Fuso. Mashaka akainuka, akatoka, akashusha ubao, akaweka kreti chini liwe ngazi, kama anavyowafanyia wamama wazee.

"Panda, mama," alisema, akilia wazi mbele ya mwalimu. "Hata miye nilisikia siku ile."

Springi zikalia. Lori likashuka kidogo upande wa nyuma, halikuinuka tena.

Asma aliibandua karatasi, akaandika maoni yake upya kwa sentensi moja: Mimi nilimwacha. Harufu ilitoka nyumbani siku ile, ikahamia kwenye lori. Kila Mashaka akipita Mbau husimama penye mgomba wa kona, hushusha ubao, huweka kreti, na kusubiri. Mpaka leo hajashuka mtu.