Magonjwa ya Gari la Mkataba

Jua lilikuwa likizama nami nilikuwa nikitafuta maji. Rejeta ilikuwa imekauka, injini inachemka, na kituo cha mafuta nilichokifikia kilikuwa na bomba moja tu la maji, nyuma, karibu na choo. Nilijaza dumu. Niliporudi nilimkuta mtu amesimama kando ya lori langu, upande wa abiria.

Amebeba godoro.

Lilikuwa godoro jembamba, limeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya turubai. Dereva yeyote wa lori anajua maana yake. Mtu akinyang'anywa gari, kitu cha mwisho anachoshuka nacho ni godoro lake. Na dereva mwenye godoro begani hanyimwi lifti. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo, lakini anayeivunja hasalimiwi tena barabarani.

"Lako?" aliuliza, akilinyooshea lori kidevu.

"La mkataba."

Alicheka kwa pua. "Kwa hiyo si lako."

"Nimebakiza kidogo."

"Kidogo..." Alilirudia neno lile taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akafungua mlango. "Haya, kaka, panda twende. Giza linaingia."

Aliniambia yeye, mimi mwenye funguo.

Nieleze mkataba wenyewe, maana wengi huuona mtamu kwa mbali. Kampuni inakupa lori. Mafuta ni yako, matairi ni yako, faini ni zako, na kila safari wanakata chao. Ukimaliza kukatwa, lori linakuwa mali yako. Ukishindwa kabla ya hapo, linarudi yadini, anapewa mwingine, na ulichokwisha kulipa kinabaki kwao. Kiingilio changu kilitoka kwenye cherehani ya mke wangu. Aliiuza mwenyewe. Alifuta vumbi, akaibusu kichwani kama mtoto anayekwenda shule ya bweni, akaniambia, "Utairudisha." Tangu siku hiyo, pale dirishani ilipokuwa ikikaa, hakuna aliyeweka kitu kingine. Sakafu ilibaki na alama za miguu ya ile cherehani.

Nilimimina maji, nikapanda, nikawasha.

Yule mtu hakukaa kwenye kiti. Aliruka hadi kitandani, nyuma ya viti, akatandika godoro lake juu ya langu. Akavuta pazia. Alilivuta bila kutafuta mwisho wake, ingawa upande mmoja una kulabu iliyovunjika na wageni wote hukwama hapo.

Yeye hakukwama.

Tuliondoka. Barabara ilikuwa tupu, mbingu zimebaki na mstari mwembamba mwekundu. Baada ya muda, harufu ikaanza kupenya kwenye pazia. Breki zilizoungua... godoro lililolowa... na chini ya hizo, joto. Joto la chumba kilichofungwa muda mrefu mtu akiwa ndani.

"Nani alikukabidhi gari hili?" sauti iliuliza.

"Ofisi. Karani alinipa funguo dirishani."

"Karani analijua gari?"

"Karani yule? Hajui hata kuendesha baiskeli."

Sikusikia kicheko.

"Basi hujakabidhiwa," alisema.

Hapo alisema kweli. Kwetu madereva, funguo ni chuma tu. Anayeshuka humweleza anayepanda magonjwa ya gari, mmoja baada ya mwingine, na anayepanda huitikia kila ugonjwa: nimepokea. Ukishaitikia, ugonjwa ni wako. Likikupindua, humlaumu mtu. Neno lile hututoka bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia hodi.

"Gia ya tatu hugoma likipata moto," alisema.

"Nimepokea."

Ilinitoka hivyo hivyo. Na ilikuwa kweli, gia ya tatu ilinitesa tangu siku ya kwanza. Ndipo nikajua nimempakia nani. Huyu ndiye aliyekuwa na lori kabla yangu.

"Breki ya tela, kushoto, huchelewa."

"Nimepokea."

"Kioo cha kulia huonyesha gari ambalo halipo."

Nilitazama kioo. Taa mbili zilikuwa nyuma yangu, karibu mno, zikipepesa. Niligeuza shingo kuchungulia dirishani. Barabara nyeusi. Hakuna kitu.

"Nimepokea," nikasema.

Kisha ikaja sauti nyingine.

Nzito, ya mtu mzima zaidi. Nyuma ya pazia lile lile.

"Kanyagio la klachi hurudi zito ukiwa umekosa usingizi. Usilipige teke."

Mikono yangu iliganda kwenye usukani. Lakini mdomo ulikuwa na mazoea yake.

"Nimepokea."

Na ya tatu, nyembamba, kama ya kijana mwenye kikohozi: "Ukisikia honi nyuma, usipishe."

"Nimepokea."

Kila nilipoitikia, springi za kitanda zililia mara moja, kama mtu anayenyanyuka. Mlango haukufunguka. Hakuna aliyeshuka. Ila lori lilizidi kuwa jepesi. Injini iliyokuwa ikikoroma ilianza kuvuta vizuri, na nilijikuta, katikati ya hofu ile, naona raha.

Niliongeza gia.

Halafu...

Ngo. Ngo. Ngo.

Polepole, toka ukutani mwa kitanda. Sauti hiyo nilikuwa nikiisikia kila nilipoegesha, nikadhani ni spana iliyolegea sandukuni.

"Hiyo ni nini?" nilinong'ona.

"Umebaki ugonjwa mmoja," alijibu mwenye godoro. Sauti yake sasa ilikuwa karibu na sikio langu, pazia tu likitutenga. "Huyo ni wa kwanza wetu. Hasemi, kwa hiyo namsemea. Gari likisimama, anagonga; leo amegonga likienda kwa kuwa zamu yake imefika. Hana ugonjwa mwingine."

"Nisipompokea?"

"Sisi hatukumpokea. Tulisimama, tukalala, tukapumzika kama watu. Unaona tulipo."

"Na nikimpokea?"

"Mwenye huyo hasimami, kaka. Na asiyesimama anamaliza mkataba."

Mteremko mkubwa ulikuwa umeanza. Nilikanyaga breki, zikashika nusu. Nilikanyaga tena. Tela lilianza kunisukuma mgongoni. Mbele hapakuwa na kitu ila kona na giza.

"Harakisha," alisema, kwa upole kabisa.

Niliona sakafu ya nyumba yangu. Niliona zile alama dirishani.

"Nimepokea!"

Breki zikashika.

Nilipofika chini ya mlima nilisimama, nikavuta pazia kwa nguvu, likakwama kwenye ile kulabu, nikalichana. Kitanda kilikuwa na godoro moja tu. Langu. Katikati yake palikuwa na shimo la umbo la mtu, na nilipoweka kiganja, palikuwa pa moto.

Ngo. Ngo. Ngo.

Nikatia gia, nikaondoka.

Yaliyofuata yalikwenda kama alivyosema. Sikusimama. Nilikula mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Nikiwa nasubiri kupakuliwa, nilikuwa nazunguka yadi za watu kama mwendawazimu, na madereva wenzangu wakipiga kelele, "Bwana Mkataba! Unafukuzwa na mwenye nyumba?" Nilicheka nao dirishani nikapita. Kila niliposimama aligonga, na kila alipogonga kifua changu kilijaa, hewa ikawa haitoshi, kana kwamba niliyefungiwa ni mimi. Usingizi nilioupata niliuiba kwenye foleni, dakika chache, macho nusu.

Mkataba ukaisha. Karani alinisukumia kadi ya lori dirishani bila kuinua uso. "Hongera," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kulimaliza hilo."

Nje, fundi wa yadi alikuwa amelala chini ya gari jingine, miguu tu inaonekana. Nilimuuliza habari za mwenye godoro. Miguu ikaacha kucheza.

"Huyo tulimzika kabla hujaanza kazi hapa," alisema.

"Na wa kwanza? Aliyelianza likiwa jipya?"

Nilisikia spana ikiwekwa chini taratibu.

"Alichelewesha malipo. Wakatumwa watu wa kulikamata. Walilikuta limeegeshwa kando ya barabara, wakalivuta mpaka hapa, wakafunga milango kwa mnyororo. Msimu wa joto, ule. Waliona kiti kitupu, wakajua dereva kakimbia." Akakohoa. "Hakuna aliyefungua pazia."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilisikia kitu kinagonga. Nilidhani ni bati la paa." Kisha akaongeza, haraka, "Limekuwa lako, si ndiyo? Basi liondoe. Liondoe hapa."

Nililipeleka nyumbani. Cherehani nyingine ilirudi dirishani, na mke wangu alishona siku nzima akiimba, tepu ya kupimia shingoni. Nililala kwenye kitanda changu, mlango wazi, dirisha wazi.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Nani anagonga?" mke wangu aliuliza gizani.

"Injini inapoa."

"Injini gani inapoa mpaka alfajiri?"

Nilitoka, nikawasha, nikazunguka mtaa hadi kulipokucha. Kesho yake vivyo hivyo. Nilijaribu kuliuza. Wanunuzi walikaa kwenye usukani, wakanusa, wakashuka bila hata kuomba kupunguziwa bei. Nikawaza kulitelekeza porini, lakini nilipoliacha na kutembea, kifua kilijaa, na mlio ulinifuata ukiwa ndani ya mbavu zangu. Nilikwisha kuitikia. Pa kumrudisha sikupajua.

Nikakonda. Nguo zote ambazo mke wangu alinishonea zilianza kunivaa badala ya mimi kuzivaa.

Jioni moja mdogo wake alikuja. Mke wangu alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, akamsomesha udereva kwa kushona sare za shule. Kijana mwenye maneno mengi na leseni isiyokuwa na kazi.

"Shemeji, umekonda kama spoku ya baiskeli," alisema. "Nipe safari moja. Nitakurudishia linang'aa mpaka ulione geni."

"Hapana," nilimjibu.

"Mpe," mke wangu alisema. Aliweka mkono kwenye shavu langu, na mkono wake ulikuwa na baridi tamu. "Baba watoto, utakufa mbele yangu. Mpe ulale hata siku moja."

Shemeji alikuwa amekwisha panda. Alirekebisha kiti, akajitazama kiooni, akatengeneza kola.

"Haya, niambie magonjwa."

Nilisimama chini ya mlango wake. Niliyataja niliyoyaweza.

"Gia ya tatu hugoma likipata moto."

"Nimepokea."

"Breki ya tela, kushoto, huchelewa."

"Nimepokea."

"Kioo cha kulia hudanganya."

"Kama karani wa mkataba! Nimepokea."

Nilinyamaza. Lori lilikuwa limesimama, injini imezimwa, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mlio wa kugonga. Nyuma ya pazia lililochanika palikuwa kimya... kimya cha mtu anayesikiliza.

"Kuna jingine?" aliuliza.

Nilitaka kumwambia ashuke. Nilikuwa nalo neno hilo mdomoni, limejaa, linanikaba. Nilijiambia nikinyamaza nitakuwa sijamkabidhi. Asipotajiwa, hatakuwa amempokea. Nilitikisa kichwa tu.

"Hakuna? Basi nimepokea yote," alisema, akawasha.

Kitu kilinyanyuka kifuani mwangu.

Hewa iliingia mpaka chini ya mapafu. Usingizi ulinijia nikiwa nimesimama, mzito, mtamu. Nilijaribu kupiga kelele nikatoa mwayo. Lori lilitoka getini, taa zake nyekundu zikaingia kwenye jioni, na mke wangu alikimbia nalo hatua chache, akipunga tepu yake hewani.

"Nenda polepole!" alimpigia kelele mdogo wake. "Na ukichoka, mwanangu, simama upumzike!"