Aliniita Fundi

"Kissa, toka huko chini tuongee."

"Ongea. Nakusikia hapa hapa nilipo."

"Toka kwanza."

Sikutoka. Nilikuwa nimelala kwenye boksi lililokunjuliwa, chini ya gari langu, Altezza nyeupe, nahangaika na nati ya shokapu ya nyuma iliyoshika kutu. Springi fupi nilizozisubiri kutoka Arusha zilikuwa zimefika na basi. Za mbele nilikuwa nimeshafunga tangu asubuhi, na pua ya gari ilikuwa imekaa chini vile vile nilivyokuwa naiota. Zilibaki za nyuma tu. Na huyu Maximilian Sulle, mwalimu wa Endasak, mpenzi wangu mwaka wa pili sasa, alikuwa anazunguka uani kwangu hapa Katesh kama mtu anayesubiri mgonjwa atoke chumba cha upasuaji.

"Rudisha springi za zamani," alisema.

"Nini?"

"Rudisha. Barabara zetu unazijua. Litakwaruza tumbo."

"Max, mimi naenda kazini hospitali na kurudi. Nikichoka naenda Babati. Lami tupu. Litakwaruza wapi?"

"Na majirani je? Nesi mzima unalala chini ya gari mchana kweupe!"

"Majirani wameshazoea. Mama Patriki ameniletea chai humu humu chini."

"Basi subiri Jumapili ipite."

"Jumapili ni kesho. Kesho kuna nini?"

"Hamna."

Hiyo "hamna" yake naijua. Nikimuuliza kwa nini hajawahi kunipeleka kwao Gehandu nikamwamkie mama yake, hamna. Nikimuuliza kama ni kwa sababu mimi ni Mnyakyusa, au kwa sababu nasali Moravian na wao ni Wakatoliki, hamna. Ila wikiendi ikifika ulimi unafunguka: kuna semina, kuna kikao cha walimu, Kissa naomba gari. Na mimi kwa kupenda kwangu nampa funguo.

"Max, nimechoka," nilimwambia. "Nimechoka kweli kweli. Hebu sema jambo moja la kueleweka."

Simu yake ikaita. Akaitazama, akaikata. Ikaita tena. Akasogea getini kuipokea, lakini sauti yake niliisikia.

"Hapana mama, kaa hapo hapo stendi, nakuja... Umepanda boda? Nani kakuelekeza?"

Hakumaliza. Pikipiki ikasimama getini, akashuka mama mmoja mwenye kitenge kipya na shuka begani, mkono mmoja mkoba, mwingine kuku aliyefungwa miguu. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Lile paji la uso lilikuwa la Max.

"Nimemwambia tu kijana wa boda, nipeleke kwenye gari nyeupe ya Mwalimu Sulle," alisema huku anacheka. "Ameijua!"

Nikajivuta kutoka chini ya gari na ovaroli langu lililojaa grisi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ee! Gari yetu imepata nini? Imeinama kama ng'ombe anakunywa maji!"

Gari yetu. Nikadhani sijasikia vizuri.

"Gari ya nani, mama?"

"Ya Maximilian. Tangu ameinunua sijaiona imeumwa. Padre mwenyewe ameibariki pale nyumbani Gehandu, ndoo ya maji nimeshika mimi. Jumuiya yote walikuja! Kesho inanipeleka Mbulu, mtoto wa binti yangu Jenifa anapata kipaimara. Aliniambia nimsubiri stendi, twende nikalale kwake Endasak ili tuamkie safari."

Yale niliyokuwa nauliza siku zote nikajibiwa kwa mara moja. Zile semina. Ile rozari niliyoikuta inaning'inia kwenye kioo, akaniambia amepewa na mwanafunzi. Na kubwa kuliko yote, kwa nini Gehandu nilikuwa naisikia tu. Tatizo halikuwa kabila langu wala dini yangu. Siku ningefika pale angelazimika kusema gari ni la nani. Kati yangu na sifa za gari, Max alichagua sifa.

"Na wewe ndio fundi wake?" mama akaniuliza kwa upole.

Jibu hilo lilikuwa la Max, na nilimwachia alitoe. Nilimwomba kwa macho, jamani.

"Max, mama anauliza mimi ni nani."

Max akaitazama jeki.

"Ndiyo mama," alisema. "Ni fundi."

Iliniuma. Nikajifuta na kitambaa, nikatoa funguo kwenye gari, nikazitia mfukoni.

"Mama, karibu ndani unywe chai," nilisema. "Mimi naitwa Kissa. Nyumba hii nimepanga mimi. Gari hili ni langu, nimelinunua mwenyewe. Na huyu mwanao, mpaka muda mfupi uliopita, alikuwa wangu."

Mama akamgeukia mwanawe.

"Maximilian?" mama aliita.

"Mama, siku ile nimekuja nalo mara ya kwanza, ulilia. Ulisema Mungu amekukumbuka. Nilitaka kukwambia, nikashindwa."

"Padre amekuja, umenyamaza. Jumuiya wameimba, umenyamaza. Mimi nimepita kila nyumba nasema mwanangu ana gari. Umenifanya mimi mwongo." Akajifuta macho na ncha ya shuka. "Na huyu binti umemfanya fundi nyumbani kwake. Hebu toka. Nenda kwako Endasak."

"Lakini mama, kesho Mbulu..."

"Mbulu kuna basi."

Max akanitazama. Nikatazama pembeni. Akaondoka ameinamisha kichwa, na mama akanikabidhi kuku.

"Huyu nilimletea mwenye nyumba nitakayolala," alisema. "Kumbe ni wewe."

Jioni wakati namchemsha kuku, meseji zikaanza kuingia.

"Kissa naomba nisamehe. Niliogopa."

"Kissa pokea simu basi."

"Nakupenda. Mungu anajua."

Nikamwandikia moja tu: "Fundi amefunga kazi." Kisha nikazima simu.

"Kesho utanisindikiza Mbulu?" mama aliniuliza.

"Nikusindikize kama nani, mama?"

"Kama Kissa. Hayo mengine ni yenu."

Asubuhi tukapanda basi la Mbulu. Baada ya misa tulikaa nyumbani kwa Jenifa, chini ya turubai, pilau imejaa sahani. Kila ndugu aliyekuja kutuamkia aliuliza gari liko wapi, na kila mara mama aliinamia sahani yake. Nilimhurumia, na hasira zangu kwa Max zikaongezeka.

Ndipo akatokea. Alikuja na pikipiki ya kuazima, vumbi mpaka kwenye kope. Festo, mume wa Jenifa, akapiga kelele:

"Mwalimu! Leo gari umeliacha wapi?"

"Sina gari," Max alisema.

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Yeye akasimama hapo hapo katikati ya viti.

"Sijawahi kuwa nalo. Lile mlilobariki Gehandu ni la huyu dada hapa. Anaitwa Kissa, ni nesi wa Katesh, na ndiye mwanamke ninayempenda. Jana mama aliniuliza ni nani, nikasema ni fundi. Nimekuja kulijibu lile swali upya."

Shangazi mmoja akaguna. Vijana wakaanza kucheka tena, safari hii wanamcheka yeye, na Max akawaacha wamcheke. Nilitegemea ningefurahi kumwona hivyo. Sikufurahi hata kidogo. Nilikuwa na hasira naye na bado nampenda, vyote pamoja, na hilo ndilo lililonichosha kuliko nati zote za lile gari.

"Kissa, sema kitu," alisema.

Nikamsogezea kiti.

"Kaa. Sijasema nimekusamehe. Nimesema kaa. Wiki ijayo unanipeleka Gehandu kwa mguu, tunapita kwa hao watu wa jumuiya nyumba kwa nyumba, unawaambia haya haya."

"Sawa."

"Na mama yako atakuwepo anasikia."

"Sawa, Kissa."

"Na gari hulishiki tena."

Akakaa. Akajifuta vumbi usoni.

"Hata kuliosha?"

"Kuosha utaosha."