Kisima Ndani ya Disketi

Mama Shija anaapa kwamba jirani yake Kalunde alikinong'oneza kisanduku cha kompyuta mpaka kikataja maji. Anayebisha anaambiwa akaonje mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Jiji la Tabora lilikuwa na Somazote, mashine yenye sauti ya kike iliyosoma kila kumbukumbu, hata ya simu zilizoungua. Disketi moja tu ya mradi wa zamani wa visima iliishinda. Humo mlikuwa na vipimo vya kisima kilichofukiwa, na maji yasipopatikana, mtaa wao mzima ungehamishwa Jumatatu.

"Hii imekufa," ilisema Somazote. "Nimeisoma mara tatu."

"Basi ya nne usisome, shoga. Unaikwangua," alisema Kalunde.

Mhandisi Kasanda wa jiji akacheka. "Darasa la saba anaifundisha Somazote."

"Darasa la saba nilimaliza, mhandisi. Wewe kazi hii hujamaliza."

Akawasha kompyuta ya mezani ya babu yake. Disketi huandikwa kwa miduara, na kichwa kidogo cha sumaku hupita juu ya kila mduara. Kabla ya Somazote kuja, Kalunde alishawahi kusoma disketi nyingine za mradi ule, akagundua kwamba kichwa cha mashine iliyoziandika kilikaa upande. Kila kitu kiliandikwa pembeni ya njia yake. Mashine iliyonyooka hupita katikati, isikute kitu.

Kwa hiyo akakipindisha cha kwake. Alilegeza skrubu, akakisogeza kidogo kuliko unene wa unywele, akasikiliza. Kre, kre. Kavu. Akasogeza tena. Asubuhi yote ikaenda hivyo. Saa saba mlio ukalainika kama mtu anayepeta mchele, na maandishi yakatokea: maji baridi, mita sitini na mbili, nyuma ya ghala la tumbaku.

Roboti la kuchimba likapelekwa. Kufika alasiri, maji yaliruka juu ya paa la ghala, na Mama Shija akalowa mpaka kilemba.

Kalunde aliyasikia makelele akiwa mezani, anatabasamu peke yake. Zamani mjini palikuwa na watu arobaini waliosoma kumbukumbu kwa mikono yao. Mmoja mmoja waliifundisha Somazote walichojua, wakarudi nyumbani bila kazi. Alibaki yeye.

"Kalunde," ilisema Somazote, safari hii kwa upole, "ulijuaje kichwa kikae wapi? Naomba unifundishe."

Nje ndoo zilikuwa zikigongana. Kalunde alichukua bisibisi, akaifuta kwa pindo la kanga, taratibu, kisha akaifuta tena.