Diski za Marehemu

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kufufua data, mtu asiyeamini hata ndoto zake mwenyewe. Mjane mmoja alimletea kasha la diski za kompyuta kutoka studio ya marehemu mumewe. Diski za namna hiyo hubebana: ikifa moja, nyingine huziba pengo, zikifa mbili, ni kilio. Hizo zilikufa mbili.

"Kaka yangu, nitafutie sauti yake tu," mjane alimsihi. "Mwanetu ameanza kuisahau."

Fundi akaiunganisha diski moja kwenye mashine, nayo ikaanza kugonga. Mara umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Likaingia giza totoro, feni zikanyamaza. Diski ikaendelea kugonga: ta-ta... ta.

"Itazimika tu, dada," fundi alisema. Akapapasa, akachomoa waya.

Ta-ta... ta.

"Ndivyo mume wangu alivyobisha hodi kila akirudi nyumbani," mjane alinong'ona.

"Usiseme kitu," fundi alimkataza.

Lakini mazoea yana tabu. Mdomo wa mjane ulishajibu: "Karibu, pita."

Kugonga kukakoma. Kisha, mle gizani, wote wawili wakasikia kiti kitupu kikivutwa taratibu kuelekea mezani.