Maji ya Manjano Dirishani

"Shangazi ameshaingia jikoni," sauti ilisema kwenye simu. "Wanabandika chungu saa sita."

Simu ikakatika.

Nohora Pertuz akaitupia jicho saa yake ya Casio. Saa tano na robo. Ujumbe wa mkuu wake aliuelewa vizuri: rangi ya kutilia nguo ilikuwa imeingizwa kimagendo katika kiwanda cha tambi, ndani ya mapipa yaliyoandikwa riboflavini, vitamini B2. Saa sita ingemiminwa kwenye unga wa tambi za shule za mji wa Barranquilla.

Mwezi uliopita tambi za namna hiyo ziliwalaza hospitali watoto kumi na tisa. Mmoja hakurudi nyumbani.

Kwa siku nane Nohora alikuwa akipeleleza kiwandani humo akiwa amevaa ovaroli ya fundi mizani, bastola yake ya Beretta ikiwa chini ya bisibisi kwenye sanduku la vifaa. Kwa siku nane alimshuku mtu mmoja tu.

Daktari Elvia Manotas, mkuu wa maabara. Mama wa miaka sitini, mkavu wa maneno. Madirisha ya maabara aliyaziba kwa plastiki nyeusi. Mlango aliufunga kwa kufuli mbili. Ukimuuliza sababu, anakuuliza kama huna kazi. Wilfrido, mtunza stoo, mcheshi aliyemletea Nohora kahawa kila asubuhi, alikuwa amemnong'oneza kwamba yule mama ana mambo yake mle gizani.

Nohora alifungua kufuli zote mbili kwa waya.

Giza. Taa moja nyekundu. Chupa zilizoviringishwa karatasi za foili.

Mlango ukafungwa nyuma yake.

"Mizani yangu ni mizima," Elvia alisema. Mkononi alikuwa na mchi wa chuma. "Umefuata nini?"

Nohora akatoa bastola. "Weka chini, mama. Unaficha nini humu?"

"Naficha hizi chupa, jua lisizione." Elvia hakuuweka mchi chini. "Riboflavini ikishakorogwa kwenye maji, jua la mji huu linaiua kabla hujamaliza chakula chako cha mchana. Rangi inapauka, vitamini inakufa. Sasa nitaipimaje madirisha yakiwa wazi? Na wewe nani kakutuma, binti? Maana mizani huijui hata kidogo."

Nohora akaishusha bastola. Alikuwa ameikumbuka chupa ya kioo dirishani kwa Wilfrido, maji ya manjano yaliyokorogwa unga wa mapipa yale, ambayo yeye huwaonyesha wageni kwa majivuno: tazameni rangi ya tambi zetu. Siku ya kwanza aliiona pale, inapigwa na jua. Asubuhi hii ilikuwa palepale.

Manjano vilevile.

"Siku nane juani, mama. Ingekuwaje?"

"Ungebaki na maji meupe kama yaliyooshea mchele."

"Na kama haijapauka?"

Elvia akauweka mchi mezani polepole. "Basi hiyo si vitamini."

Walimkuta Wilfrido kwenye mashine ya kuchanganyia, pipa liko wazi. Saa sita kasoro dakika saba. Nohora alichota unga kidogo pipani, akaukoroga kwenye glasi ya maji. Elvia akakoroga vitamini halisi ya maabara kwenye glasi ya pili. Nohora akawasha tochi ya miali ya zambarau, ile inayoing'arisha riboflavini.

Glasi ya Elvia iling'aa kijani kama jicho la paka.

Ile ya unga wa Wilfrido haikung'aa kabisa.

"Fundi mizani leo kawa daktari," Wilfrido alisema, akiwageukia wafanyakazi wacheke naye.

Hakucheka mtu.

Akachota unga, akamrushia Nohora usoni, akatimua mbio.

Nohora alimfuata jicho moja likiwaka moto, redio ya Motorola mdomoni, akiwaita kwa jina la siri wenzake waliojificha bandarini.

"Mto, anakuja lango la bandari."

"Tunamwona. Prado nyeupe inamsubiri. Ndani yupo mgeni mmoja, bila shaka ndiye anayemletea mzigo. Tumkamate?"

"Bado. Mwacheni apande."

Wilfrido akapanda. Prado ikanguruma.

Risasi moja. Tairi la mbele likapasuka, gari likajikita kwenye rundo la magunia ya ngano. Watu wanne wenye ovaroli za bandari wakalizingira, bunduki mkononi. Mgeni alishuka akiwa ameinua mikono, akidai ni mtalii. Funguo za stoo ya kiwanda zilikuwa zinaning'inia kiunoni mwake.

"Ni rangi tu, Nohora," Wilfrido alisema, akihema. "Watoto wanapenda tambi za manjano."

Nohora akamfunga pingu bila kumtazama.

Elvia alifika akitweta, na kitambaa chenye maji. Alimfuta jicho taratibu, kama mama anayemwandaa mwanawe kwenda shule.

"Nilikushuku wewe, mama. Nisamehe."

"Na mimi nilikushuku wewe. Kwa hiyo jina lako kweli ni Nohora?"

"Kwa leo, ndiyo."

Nohora akabeba sanduku lake, akavuka barabara kwenda kununua arepa ya yai, mkate wa mahindi wa kukaanga.