Siku Saba Ndani ya Marjani

Zilikuwa zimebaki siku mbili Idi iingie, na Biashara Street haikuwa na pa kutia mguu. Katika duka la vitambaa la Sethi, wanawake walibanana mbele ya meza, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyetangulia. Mwanatumu alikuwa amesimama nyuma ya meza tangu asubuhi, mkasi mkononi, futi ya kupimia shingoni, mtandio wake wa rangi ya zabibu ukimteleza kila alipoinama. Duka lile lilikuwa refu na jembamba, mchana kutwa likiangazwa kwa taa. Mara taa zikazimika.

"Yarabi, mkoba wangu!"

"Nani ananikanyaga?"

"Msitaharuki," ilisema sauti ya mwanamume kutoka katikati ya watu. "Mimi ni fundi wa umeme. Fyuzi ziko wapi?"

"Huku juu, nyuma ya meza," akajibu Mwanatumu.

"Basi nishikie kiti, dada. Nikikuangukia, mamangu atalipa mguu wako kwa nazi."

Mwanatumu alishika kiti huku akicheka peke yake gizani. Akasikia bisibisi ikikwaruza, kisha taa zikawaka, na wanawake wakapiga vigelegele kama harusini. Akainua macho. Alikuwa kijana mrefu, mweusi, amevaa ovaroli ya buluu ya bandarini iliyopigwa pasi mpaka mistari ikasimama. Nani hupiga pasi ovaroli? Yule kijana alikirudisha kiti mahali pake, akampa mkono bibi mmoja mzee aliyekuwa ameparamia marobota kwa hofu, akamtoa taratibu hadi mlangoni. Wala hakurudi. Na leso aliyokuwa ameinunua akaiacha juu ya meza.

Mwanatumu aliifunga vizuri kwa gazeti, akaandika juu yake: Bwana Umeme.

Kesho yake akaja.

"Nimefuata mzigo wangu."

"Mzigo gani? Hapa twauza vitambaa, hatuweki amana."

"Leso ya mama. Niliisahau nilipokuwa nikikuokoa."

"Kuniokoa! Mimi ndiye niliyekushikia kiti!"

"Basi nimekuja kukishukuru kiti."

Jina lake lilikuwa Salim Mung'aro. Kwao ni Kaloleni, upande wa bara, lakini alilelewa Tononoka na shangazi yake Sidi, na kazi yake ilikuwa kutengeneza umeme wa kreni na meli za bandarini. Tangu siku ile, kila saa nne asubuhi simu ya dukani ililia, na Sethi akaita kwa sauti ya uchovu, "Mwanatumu! Ile kampuni ya mapazia!"

"Haloo?"

"Mapazia yangu yameamkaje?"

"Yameamka vyema. Yako kazini."

"Yamekunywa chai?"

"Yamekunywa, na mahamri mawili."

"Mawili tu? Yatakonda, nikose cha kutazama."

"Bwana, hapa pana wateja."

"Basi jibu ndiyo au la. Wanipenda?"

Mwanatumu akatazama huku na huku. "Ndiyo," akasema kwa sauti ya biashara. "Mita tatu kamili, hazipungui."

Haukupita mwaka, wazee wa Mung'aro wakaja na posa nyumbani kwa Bibi Mejumaa, mtaa wa Kuze, Mji wa Kale. Bibi ndiye aliyemlea Mwanatumu tangu mamake alipofariki. Wageni walipokula wakashiba, Bibi alimwona Mung'aro, aliyewasindikiza, akitangulia mlangoni kimyakimya, akaugeuza kila mguu wa kiatu uelekee nje, wazee wasipate taabu ya kuinama na kugeuka.

"Huyu kalelewa," Bibi akanong'ona.

Lakini pale nje, jirani mmoja alisema bila kuteremsha sauti, "Mwana wa Kuze kakosa wa mjini mpaka afuatwe na watu wa bara?" Mung'aro alisikia. Alitabasamu, akashusha mikono ya shati lake, akaifunga vifungo ingawa jua lilikuwa kali. Mwanatumu aliliona lile. Alidhani limepita.

Mwaka ule wageni wa mahoteli walikuwa wameadimika pwani, na meli ya matembezi iitwayo Marjani ikawafungulia wenyeji kwa nusu ya bei: siku kumi, Unguja, Komoro na Ushelisheli, kisha kurudi. Jioni moja Mung'aro alikuja Kuze na karatasi kubwa, akaitandaza juu ya mkeka wa Bibi.

"Shikamoo, Bibi. Nimeleta meli."

"Marahaba, mwanangu. Umeipitishaje mlangoni?"

Akacheka, akapiga magoti kando ya karatasi. "Nimezitengeneza meli miaka minane, sijalala ndani ya hata moja. Mwana, tazama. Hivi visanduku ni vyumba. Huku chini ndiko injini zilipo. Hapa juu, chumba hiki, kina dirisha kubwa mpaka magotini. Utafungua macho asubuhi, Unguja iko kitandani."

"Na hapa nje ya dirisha pana nini?" aliuliza Mwanatumu.

"Sitaha. Watu hupita, hukaa, hunywa chai. Na usiku twateremka ukumbini kula, mimi na suti yangu, weye na hina zako. Waone nimeoa nani."

Aliyasema kwa furaha tele. Alipokwenda zake, Bibi akaikunja ile karatasi polepole.

"Fungate je?"

"Bibi, harusi za siku hizi—"

"Sikukatazi meli. Chumba ni chumba, kikiwa nchi kavu au majini. Lakini bi harusi wa nyumba hii hukaa ndani siku saba, haonwi na mpita njia, na chakula huletewa. Mamako alikaa, na mamake alikaa. Nami sitakuwako kukuogesha wala kukufukiza udi. Hilo moja nakuomba."

Bibi alimrudishia Mwanatumu ile karatasi. Mwanamke yule hakuwahi kumwomba kitu maishani.

"Nitakaa, Bibi. Nitamweleza Mung'aro."

"Ati umweleze nani? Bi harusi hamwambii mume mambo ya fungate, utadhaniwa huna haya. Mambo hayo hupita kwa wakubwa. Nitamwambia Sidi, naye atamwambia kijana wake."

Na kweli Bibi alimwambia Sidi. Basi Mwanatumu akavaa buibui, akaenda ofisi ya safari kule Moi Avenue. Karani alikuwa msichana mchangamfu aitwaye Winnie.

"Nataka kubadilisha chumba cha Salim Mung'aro. Tupe cha ndani kabisa, kisicho na dirisha. Na chakula kiletwe chumbani, siku saba za mwanzo. Ukumbini hatuendi."

Kalamu ya Winnie ikasita. "Dada, kile cha juu ndicho kizuri. Bwana alikichagua kwa saa nzima. Yeye ajua?"

"Ataambiwa na wakubwa wake."

Siku ya pili simu ya saa nne haikulia. Wala ya tatu. Sethi mwenyewe alianza kuitazama simu kwa huruma. "Kampuni imefunga?" akauliza. Siku ya nne ikalia.

"Haloo! Mapazia yako karibu yafe kwa—"

"Nilikwenda kulipia," alisema Mung'aro. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyemjua. "Winnie kaniambia umebadilisha."

"Ndiyo. Kwani hukuambiwa?"

"Na nani? Umechukua chumba kisicho na dirisha. Umekataa kula ukumbini. Kwa nini, Mwana?"

Mbele ya meza walikuwa wamesimama wanawake wanne, na mzee mmoja aliyeleta saruni kupindwa. Wote wametega masikio. Mwanatumu akaugeuzia ukuta uso. Neno lile angelitamka vipi, kwa mwanamume, mbele ya wanaume?

"Siwezi kusema hapa."

"Sikulazimishi. Mimi najua nilikotoka. Ila ungeniambia mapema kwamba mimi ni wa kuolewa naye tu, si wa kuonekana naye."

"Mung'aro! Haloo?"

Simu ilikuwa imekatwa.

Ijumaa baada ya sala Sidi alifika Kuze. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, muuza mboga, Mkristo wa kanisa la Tononoka. Lakini siku hiyo hata kikombe cha kahawa hakukigusa.

"Salim asema harusi isogezwe mbele," akasema. "Hakusema mpaka lini. Akirudi kutoka kazini, halali wala hali."

"Sidi, si nilikupa maneno umfikishie?" Bibi akauliza.

Sidi akajifunika uso kwa ncha ya leso. "Nilishindwa, Bibi. Nilifika nyumbani, nikamtazama. Kijana niliyemfuta kamasi mwenyewe, nitamwambiaje habari za chumbani? Nikasema kesho. Kesho nikasema kesho. Kwetu hayo mambo husemwa na nyanya, na nyanya yake keshakufa."

Bibi alifumba macho. Hakumgombeza. Alikivuta kikombe cha kahawa kilichopoa, akakimwaga, akammiminia Sidi kingine cha moto.

"Kosa ni letu sote, tulivyo na haya," akasema. "Sasa nani wa kulisema?"

Mwanatumu alikuwa ameshasimama. Alikuwa anavaa buibui.

"Weye wenda wapi?"

"Bandarini."

"Mwanatumu! Bi harusi, langoni pa wanaume?"

"Bibi, yeye adhani naona haya kuonekana naye. Nikimtuma mtu mwingine, atazidi kuamini."

Bibi akamfikia, akamrekebishia mtandio. "Basi nenda," akasema. "Usiende na jua kichwani. Chukua mwavuli."

Alikwenda kwa miguu, akapita Makadara, akaingia Moi Avenue, akapita chini ya yale mapembe makubwa ya bati yaliyokingama juu ya barabara, mpaka lango la bandari ya Kilindini. Saa kumi na nusu king'ora kililia, wanaume wakamwagika mamia kwa mamia, wamejaa vumbi la saruji na grisi. Walimtazama wakimpita: msichana wa mjini, buibui safi, mwavuli wa maua, amesimama katikati ya njia. Wengine walipiga miluzi. Hakusogea.

"Shemeji!" Alikuwa Jared, rafiki wa Mung'aro wa kreni moja. "Afadhali umekuja. Huyu mtu ametumaliza. Mwezi mzima tumekaa kantini tukimfundisha kushika uma na kisu ili asikuaibishe huko melini. Amekata chapati vipande vidogo mpaka kuku wakamfuata."

"Nyamaza, Jared," alisema Mung'aro nyuma yake. Alikuwa amekonda. Ovaroli yake, kwa mara ya kwanza, haikupigwa pasi.

"Wafanya nini hapa, Mwana? Watu watakuona."

"Ndiyo nataka wanione."

Watu walikuwa wameanza kusimama. Mwanatumu akaikaza mikono kwenye mpini wa mwavuli.

"Mung'aro, kwetu mtu akioa huwa na fungate. Siku saba. Bi harusi hatoki, haonwi dirishani, haendi ukumbini. Bibi yangu aliniomba hilo, na hajaniomba jingine tangu nizaliwe. Nilikatazwa kukwambia, ni neno la wakubwa. Shangazi yako aliona haya. Na mimi pale simuni niliona haya. Sasa nalisema mbele ya bandari nzima, na haya zangu zimekwisha."

Hakuna aliyepiga mluzi.

"Fungate," alisema Mung'aro polepole, kama anayelipima neno. "Wewe ukae ndani siku saba."

"Si mimi peke yangu, bwana! Fungate ni ya wawili. Na wewe hutoki. Sikukuficha wewe. Tunafichwa sote."

"Mimi pia?"

"Hata mlangoni."

"Siku saba? Na wewe?"

"Na mimi. Kwani wataka na nani?"

Jared aliangua kicheko, na kicheko kikasambaa mpaka kwa askari wa lango. Mung'aro aliinamisha kichwa. Mabega yalimtikisika, na Mwanatumu hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoinua uso. Alikuwa anafanya yote mawili.

"Nilipolisikia lile neno la jirani yenu," alisema, "lilikaa kifuani kama mwiba. Nikaona na wewe umelikubali."

"Nililisikia nami. Ningemjibu pale pale. Nilinyamaza, nisamehe. Kuanzia leo sinyamazi tena."

"Nimekusamehe. Nami nisamehe, nilikukatia simu."

"Hiyo utailipia. Nitafikiri kwa kitu gani."

Jumamosi asubuhi walikwenda ofisini kwa Winnie, wakiwa watatu. Bibi Mejumaa alitaka kuviona visanduku kwa macho yake. Winnie alimletea kiti na feni, akamgeuzia karatasi upande wake. Mung'aro akaonyesha kwa kidole.

"Bibi, nilikuwa nikitazama kama mtu anayejisifu, si kama fundi. Kile cha juu, mbele ya dirisha ni sitaha, watu wapita. Kile cha ndani, Mwana atakaa siku saba bila kuona mchana. Lakini hapa chini, usawa wa maji, katikati, ambapo meli haiyumbi sana, pana chumba chenye dirisha la duara. Nje yake hakuna sitaha wala njia. Nimetengeneza taa za upande huo, najua."

"Nani hupita hapo nje?" akauliza Bibi.

"Samaki."

Bibi alifikiri. "Hao hawana maneno," akasema. "Kichukueni."

Winnie akaandika. "Siku saba za mwanzo chakula chumbani. Je, siku tatu za mwisho? Zote chumbani vilevile?"

Mung'aro akafungua kinywa kusema ndiyo, kwa maana chumba kilikuwa kimeshamtosha. Mwanatumu akamtangulia.

"La. Siku ya nane tunatoka. Tuwekee meza ukumbini."

"Ya pembeni, karibu na mlango?"

"Ya katikati," akasema Mwanatumu. "Ile iliyo chini ya taa, inayoonekana kutoka kila upande. Na uandike jina lake kwa ukamilifu: Salim Mung'aro na mkewe."